UZI: Dale Dickey, mwigizaji asiye steringi anayezisimamisha picha za uraibu

Makorora (mwanzisha uzi):

Wadau wa filamu, salaam. Niliahidi kule kwenye uzi wa picha za Marekani kwamba huyu mama nitamwandikia uzi wake peke yake. Leo nimepata nafasi. Ni mrefu, nitaushusha kwa vipande. Mwenye swali aulize hapo hapo katikati.

Anaitwa Dale Dickey. Ukitaja jina wengi hawamjui, ukionyesha picha yake mtu anasema "aah, kumbe huyu!" Uso mrefu uliokauka, mashavu yaliyoingia ndani, sauti nzito yenye lafudhi ya kusini mwa Marekani. Hata ninyi mnaoangalia picha za mashujaa tu mmeshamwona: kwenye Iron Man 3 ya 2013 ndiye yule mama wa mwanajeshi anayekaa baa na Tony Stark, huzuni yote iko usoni.

Kazaliwa Knoxville, Tennessee, mwaka 1961, akasomea uigizaji Chuo Kikuu cha Tennessee palepale kwao, akaanzia jukwaani kabla ya kamera. Kwa sura ile na lafudhi ile, wanaochagua waigizaji walishamwekea fungu lake: mama mlevi, mwanamke wa kwenye nyumba ya trela, mhudumu wa baa, teja. Kwenye vichekesho vya My Name Is Earl alikuwa kahaba anayefanya kazi mchana. Mtu mwingine angechoka au angeanza kucheza kwa mazoea, alipwe aondoke.

Hoja yangu ni hii, na uzi mzima utaizunguka: Dickey akipewa mtu wa hovyo, anamtafutia kitu cha kulinda. Kila mwanamke anayemcheza kuna kitu amekishika na hataki kinyang'anywe, na wewe mtazamaji unakiona hata kama skripti haikukitaja. Kwenye picha za uraibu hicho ndicho kinachokosekana kuliko vyote. Teja anaandikwa kama mtu asiye na lolote ndani zaidi ya hamu ya dawa, na watu wa nyumbani kwake wanaandikwa kama mashahidi wa kulia tu.

Naanza na dakika chache za televisheni, ingawa mada ni filamu, kwa sababu pale ndipo mbinu yake inaonekana wazi.

Breaking Bad, msimu wa pili, kipindi cha sita, mwaka 2009. Jesse Pinkman, kijana muuza dawa, anaenda kudai mzigo wake kwa mume na mke wanaotumia dawa ya kulevya iitwayo methi. Nyumba imejaa takataka, kuna mtoto mdogo mwenye nywele nyekundu hana hata pa kulala pa maana, na hao wawili wameiba mashine ya ATM nzima, wameileta nyumbani wanahangaika kuifungua. Mume anaitwa Spooge. Mke hana jina. Kwenye orodha ya waigizaji ni mwanamke wa Spooge basi.

Mwangalieni Dickey na hiyo nafasi isiyo na jina. Mumewe anamtukana, tusi lile lile, anarudia na kurudia. Kila likija, anamwambia aache. Mtu aliyepoteza meno, mtoto, nyumba, bado kuna neno moja hataki kuitwa. Heshima imebaki kijipande kidogo sana na yeye amekishika hicho. Spooge analala chini ya ile mashine anaitoboa kwa drili, anatukana tena, na mwanamke anaisukuma mashine imwangukie kichwani. Kisha anatumia dawa yake kwa utulivu kabisa. Inatisha, lakini huwezi kusema hukumwelewa.

Nakuja na Winter's Bone.

---

Ngamiani_Finest:

Mkuu nimekupata. Mimi huyo mwanamke nilimkumbuka miaka yote kwa yale macho tu. Sikujua ndiye yule wa Winter's Bone. Shusha vitu.

---

mama_Zuu:

Dada Makorora, kabla hujaendelea, tueleze kidogo kwa sisi tusioijua hiyo Winter's Bone. Ni ya nani, ya wapi?

---

Makorora:

Sawa mama Zuu. Ni ya mwaka 2010, mwongozaji ni Debra Granik, imetokana na riwaya ya Daniel Woodrell. Imepigwa huko huko inakotokea hadithi, milima ya Ozark, kusini mwa jimbo la Missouri, wakati wa baridi, kwa bajeti ya takriban dola milioni 2, ambayo kwa Hollywood ni hela ya chai. Nyumba mnazoziona ni za wenyeji kweli, na baadhi ya wanaoigiza ni watu wa maeneo yale yale.

Missouri kwa miaka ya 2000 ilikuwa miongoni mwa majimbo yanayoongoza kwa kukamatwa kwa mitambo ya kupikia methi majumbani. Watu walikuwa wanaipika kutokana na dawa za mafua zenye psyudoefedrini, mpaka sheria ya shirikisho ya 2006 ikazipeleka nyuma ya kaunta na kumtaka mnunuzi aonyeshe kitambulisho. Ree Dolly, binti wa miaka 17 anayechezwa na Jennifer Lawrence, baba yake ni mpishi wa hiyo kitu. Kakamatwa, kaweka nyumba na msitu wao kama dhamana, kisha katoweka. Asipofika mahakamani, Ree na wadogo zake wawili na mama yao mgonjwa wa akili wanatupwa nje. Kwa hiyo binti anaanza kugonga milango ya ndugu kuuliza baba yuko wapi, na ndugu wote ndio hao hao wenye biashara.

Hapo anaingia Merab, yaani Dickey. Mkubwa wa ukoo anaitwa Thump Milton, na Merab ndiye mke anayesimama kati ya mzee huyo na dunia. Ree anafika uani, Merab anatoka nje. Kitu cha kwanza anachotaka kujua ni kama huyu binti hana mwanaume wa kumfanyia shughuli kama hii. Ree anajibu kwa adabu kwamba hana. Sasa angalieni uso wa Dickey pale. Kwa sekunde moja hivi anamwelewa mtoto huyu kabisa. Anamletea kikombe cha kitu cha moto anywe. Halafu anarudi kumwambia Ree kwamba mzee hataongea naye, aende nyumbani.

Kikombe na onyo vinatoka kwa mkono ule ule. Waigizaji wengi wangechagua kimoja: ama mama mwenye huruma aliyebanwa, ama adui. Yeye anavicheza vyote viwili kwa pamoja bila kubadilisha sauti.

Ree anarudi mara ya pili. Safari hii Merab na dada zake wanampiga vibaya, wanamtupa bandani. Teardrop, ndugu wa baba yake Ree, anayechezwa na John Hawkes, naye mtumiaji, anakuja kuuliza ni nani kamgusa mtoto wa ndugu yake. Merab ndiye anayekiri kwamba ni yeye na dada zake, hakuna mwanaume aliyemgusa. Fikirieni maana yake katika ukoo ule. Mwanaume angemgusa, Teardrop angelazimika kuua, na wao wangelazimika kumuua Teardrop. Wanawake wamebeba kipigo ili vita isianze. Ni ukatili, na wakati huo huo ni hesabu ya mtu anayejaribu kuuzuia ukoo usiishe.

Nani anazitunza nyumba hizi wakati dawa zinazila? Ni hawa kina Merab. Na wanazitunza kwa njia ambazo zinawaua watoto wa wenzao.

---

Kilindini Raha:

Habari zenu kutoka Mombasa. Mimi Winter's Bone niliiangalia nikaiona ni nzito sana, mwendo wa polepole. Lakini ile ya mashua usiku sijawahi kuisahau. Eleza na hiyo dada.

---

Makorora:

Nilikuwa naisogelea. Asiyependa kuhadithiwa mwisho aruke kipande hiki.

Wanawake wale wale waliompiga wanakuja usiku kumchukua. Wamechoka na maneno yanayosambaa, wameamua kumpa ushahidi kwamba baba alikufa. Wanampakia mashuani, wanaingia kwenye maji, na Merab anamwambia aingize mkono ashike mikono ya baba yake. Ree analia, anashika. Merab anawasha msumeno wa injini, anakata mkono. Ree anauachia mwili kwa hofu, na hapo Merab anamgombeza: yahitajika mikono yote miwili, wakipeleka mmoja polisi watasema mzee kajikata mwenyewe ili akwepe jela, hiyo mbinu wanaijua.

Dickey anaisema hiyo kwa sauti ya mtu anayemfundisha binti kazi za nyumbani. Anaona haraka, baridi ni kali, shughuli haijaisha. Angeongeza utisho kidogo tu, ile sehemu ingekuwa picha ya mizimu. Angeongeza huruma, ingekuwa uongo. Na kumbuka hii ndiyo fadhila kubwa kuliko zote anazopata Ree: kwa mikono ile nyumba inabaki yao. Imetoka kwa waliompiga.

Winter's Bone ilichukua tuzo kuu ya majaji upande wa tamthilia pale kwenye tamasha la filamu la Sundance 2010, ikateuliwa Oscar nne, ikiwamo picha bora, Lawrence na Hawkes. Dickey hakuteuliwa Oscar. Lakini Februari 2011, kwenye tuzo za filamu huru, zile Independent Spirit, alishinda mwigizaji bora msaidizi wa kike, akiwapita kina Naomi Watts na Allison Janney. Hawkes naye alishinda upande wa wanaume. Yaani filamu ilipata tuzo mbili siku ile, na zote mbili ni za watu wa pembeni.

---

Chuda_88:

Mkuu uzi mzuri ila nikupinge kidogo. Mwaka huo huo Oscar ya mwigizaji msaidizi alibeba Melissa Leo kwa The Fighter, naye ni mama kwenye hadithi ya uraibu, mwanawe Dicky anavuta krack, kokeini ya kuvuta, pale Lowell, Massachusetts. Mimi naona Leo alifanya kazi kubwa zaidi. Yule mama ana nguvu, anapiga kelele, anacheka, ana mabinti saba nyuma yake. Merab ana sehemu ngapi? Chache sana. Unampa sifa za mtu mwenye filamu nzima.

---

Makorora:

Chuda, hoja yako ni nzito na Leo nampenda kwa dhati, alipita njia hizi hizi za filamu ndogo miaka na miaka. Ile sehemu anamfuata mwanawe kwenye nyumba ya wavutaji, mwanawe anaruka dirishani aangukie takataka, halafu wako garini mama analia na kijana anaanza kuimba mpaka mama anaimba naye, ni mama anayejua na hataki kujua. Imefanywa vizuri mno.

Tofauti ninayoiona ni kwamba Alice, yule mama anayechezwa na Leo, amepewa skripti inayomweleza. Ana historia, ana hoja zake, ana muda wa kubadilika. Merab hakuelezwa chochote. Hatujui alivyoolewa, hatujui kama naye anatumia, hatujui amezika wangapi. Dickey inambidi ayalete hayo yote kwa namna anavyosimama mlangoni amefunga mikono. Kipimo cha mwigizaji wa nafasi ndogo kwangu ni hicho: akitoka kwenye fremu, unaamini anaendelea kuishi huko alikokwenda?

---

Msaidizi wa Dozi:

Nisamehe kuingilia, mimi huwa nasoma tu. Nafanya kazi kliniki ya methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa heroini ili waache, hapa Dar. Wanaojua historia watakumbuka kliniki ya kwanza nchini ilifunguliwa Muhimbili Februari 2011. Wateja wetu wengi ni wa heroini, si methi, kwa hiyo ni hali nyingine. Lakini aliyoandika dada kuhusu wanaotunza nyumba naikubali asilimia mia.

Kwenye dirisha la dawa tunaona mteja anakunywa dozi yake mbele yetu kila siku. Nje kwenye benchi kuna mama au dada amemsindikiza. Yule mama amefunga funguo zote kiunoni, za kabati, za jiko, za chumba. Anampenda mwanawe na hamwachii hata birika. Usoni hana machozi. Ukimsalimia anakujibu vizuri tu, halafu anatazama mlango. Filamu zetu nyingi mama huyu akitokea anagaragara chini analia mpaka mwisho wa sehemu, na teja anajikuna, anachechemea, watu wanacheka. Sijaona aliyempa yule mama wa funguo nafasi ya kusimama tu.

---

mama_Zuu:

Msaidizi wa Dozi, Mungu akuzidishie kwa kazi hiyo. Umenigusa. Nina ndugu aliyepita huko, na hao wa benchini ndio sisi.

---

Makorora:

Ahsante sana Msaidizi. Ningeomba watu wa Bongo Movie wasome hilo la funguo. Pole mama Zuu.

Niendelee, maana huwezi kumzungumzia Dickey bila Granik. Huyu mwongozaji filamu yake ndefu ya kwanza ilikuwa Down to the Bone, 2004, nayo ya uraibu, mhusika mkuu ni Vera Farmiga. Anaitwa Irene, keshia wa supamaketi kaskazini mwa jimbo la New York, ana mume na watoto wawili, na anatumia kokeini kwa siri. Mapema kabisa anajaribu kumlipa pusha kwa hundi ya siku ya kuzaliwa ya mwanawe, iliyotumwa na bibi yake. Pusha anaikataa. Hakuna muziki wa kukuambia uhuzunike, ni mama na hundi yenye jina la mtoto. Sundance ilimpa Granik tuzo ya uongozaji na Farmiga tuzo maalumu ya majaji.

Granik haendi moja kwa moja kwenye sindano. Anaangalia mshahara, gari bovu, shifti, nani anabaki na watoto. Waigizaji wanaomfaa ni wale wanaojua kufanya kazi ya mikono mbele ya kamera huku wakisema maneno mengine. Dickey ni wa namna hiyo. Mwangalieni akikunja kitu, akimimina, akifunga mlango.

Alimwita tena kwenye Leave No Trace ya 2018. Hadithi ni ya baba aliyetoka vitani na binti yake wanaoishi msituni Oregon. Baba anapewa vidonge na hospitali ya maveterani, yeye hamezi, anawauzia maveterani wenzake wanaoishi mahema. Yaani dawa inatoka dirisha la serikali, inaingia msituni. Wanapofika kwenye kambi ya trela, mwenyeji wao ni Dickey, na mhusika anaitwa Dale, jina lake mwenyewe. Ni mwanamke yule yule wa kusimama kati ya watu wake na dunia, ila safari hii analinda kwa kufungua. Anawapa trela ya kukaa bila maswali mengi. Kuna mtu anayeishi peke yake porini ambaye hawamwoni, na Dale ana kawaida ya kumtundikia mfuko wa chakula mtini. Mtu huyo hatumwoni uso, ila chakula kinachukuliwa.

Merab na Dale tumbo moja, nasema hivyo kabisa. Ukiziangalia hizi mbili wiki moja utaona mikono ile ile.

---

Kilindini Raha:

Umenifanya nitake kuirudia. Swali: huyu mama hakuwahi kuwa steringi hata mara moja? Miaka yote ni wa pembeni tu?

---

Makorora:

Alipata, akiwa na miaka karibu 60. A Love Song, ya Max Walker-Silverman, ilionyeshwa Sundance Januari 2022. Imepigwa Colorado. Ni Faye, mjane anayekaa na kitrela chake kando ya ziwa akimsubiri Lito, rafiki wa utotoni, anayechezwa na Wes Studi. Dakika 81, maneno machache. Si ya uraibu, kwa hiyo sitaikalia sana, ila nawaombeni muiangalie kwa sababu ule uso ambao kwa miaka umetumika kuonyesha kuharibikiwa, hapa unaachwa uwe uso wa mwanamke anayetamani kupendwa. Anapika kamba wa mtoni, anasikiliza ndege, anapitisha kitana kwenye nywele kabla mgeni hajafika. Wakamteua Spirit ya mwigizaji bora wa nafasi kuu.

Kwenye orodha ile ile ya wateule alikuwemo Andrea Riseborough kwa To Leslie, na hii ni ya uraibu moja kwa moja: mama wa Texas aliyeshinda bahati nasibu, akainywa yote pombe, akamtelekeza mwanawe. Kwenye majumba ya sinema iliingiza dola elfu 27 na kidogo tu kabla ya waigizaji wenzake kuanza kuisemea kwa nguvu na ikateuliwa Oscar kwa mshangao, ikazua mjadala mkali wa namna kampeni ilivyofanywa. Na adui wa Leslie mle ndani, rafiki wa zamani asiyesamehe, ni Allison Janney. Nasisitiza hili: hata kwenye filamu iliyomwekea mlevi kamera usoni saa mbili, aliyemfanya Leslie aeleweke kwangu ni Janney, kwa sababu hasira yake ndiyo inayotupa hesabu ya madhara.

---

Chuda_88:

Hapo kwa Janney nakubali. Kwa Merab dhidi ya Alice bado sijashawishika, ila leo usiku naangalia Winter's Bone upya nikiwa namtazama Dickey peke yake, hata akiwa nyuma ya fremu.

---

Ngamiani_Finest:

Mkuu, kwa mtu anayeanza sifuri aanze na ipi? Bando langu linatosha moja wikiendi hii.

---

Makorora:

Anza na Winter's Bone. Ikishakuingia, tafuta Leave No Trace. Ya Farmiga iweke mwisho, ina siku zake, usiiangalie ukiwa na mawazo. Na kama kwenu kuna mtu anapambana kuacha, usimwekee hii ya Farmiga bila kumwambia ina nini ndani. Muulize kwanza.

Chuda, ukimaliza rudi hapa uandike ulichokiona pale Ree anapofika uani kwa mara ya kwanza. Nataka kujua kama ile sekunde uliiona.